Jengo Letu, Nywila ya Nani?

Hotuba kwa mafundi, wahandisi, wabunifu majengo na wasimamizi wa majengo, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wahandisi wenzangu, wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi, wasimamizi wa majengo, na ninyi mafundi wa viyoyozi na umeme ambao baadhi yenu mmetoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja: asanteni kwa kunialika.

Mmeniomba nizungumzie jinsi soko la mifumo ya kuendesha majengo linavyokua duniani, hii mitambo ambayo sote tumezoea kuiita BMS. Nitalizungumzia. Ila niseme mapema ninakoelekea, asiwepo atakayeshangaa mwishoni. Soko hili limeshafika kwetu. Liko kwenye minara ya ofisi katikati ya jiji hili, liko Upper Hill kule Nairobi, liko kwenye hoteli na hospitali na viwanja vya ndege. Linalonikosesha usingizi ni hili: mitambo ikishafungwa, nani ana mamlaka nayo? Ni sisi tunaoilipia na kuihudumia, au ni mtu aliye mbali anayeshika nywila?

Kwa wageni wetu ambao si wa fani, nieleze kwa ufupi. Jengo kubwa lina feni, pampu, taa, lifti, jenereta, matangi ya maji, na chila, yaani mtambo mkubwa wa kupoza maji ambayo huzungushwa ghorofa zote ili kupoza hewa. BMS ni vihisi vinavyopima joto, unyevu, mgandamizo na mwendo wa maji. Ni kontrola ndogo ndani ya makabati ya umeme zinazosoma vipimo hivyo na kuamua vali ifunguke kiasi gani, feni izunguke kwa kasi gani. Na juu yake ni kompyuta ambapo msimamizi anaona jengo zima na kupanga saa za kuwasha na kuzima. Basi. Hakuna mazingaombwe hapo.

Kazi hii ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, katika mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani, kulikuwa na mwalimu wa chuo cha ualimu aitwaye Warren Johnson. Baridi ya kule inaua. Ili madarasa yawe na joto la kukalika, mtunza jengo alilazimika kupita chumba kwa chumba, anafungua mlango katikati ya somo, anaangalia kipimajoto ukutani, anashuka hadi chini ya jengo kurekebisha, halafu baada ya muda anaanza mzunguko upya. Somo linakatika kila mara. Johnson akabuni kifaa cha umeme cha kufungwa chumbani, ambacho joto likivuka kiwango kinapeleka ishara kule chini bila mtu kufungua mlango. Hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi huo, aliipata mwaka 1883, na mwaka 1885 akaanzisha kampuni mjini Milwaukee. Kampuni hiyo ndiyo Johnson Controls ya leo. Mwaka huohuo wa 1885, kule Minneapolis, Albert Butz alikuwa anatengeneza kifaa cha kufungua na kufunga tundu la hewa la tanuri, na katika mizizi ya kazi yake ndipo ilipochipuka Honeywell.

Nawaomba mkumbuke jambo moja katika habari hiyo: aliyetatua tatizo alikuwa mtu aliyekaa ndani ya jengo. Alijua darasa linavyosumbuliwa kwa sababu alikuwa akifundisha humo.

Kwa miongo mingi baada ya Johnson, amri ndani ya majengo zilisafiri kwa hewa iliyobanwa, ndani ya mabomba membamba. Kihisi kinapunguza au kuongeza mgandamizo, vali inaitika. Katika miaka ya 1980 kompyuta ndogo zikashika nafasi hiyo, na hapo ndipo matatizo ya wanunuzi yalipoanza. Kila kampuni ilitengeneza lugha yake. Kontrola ya kampuni hii haikuweza kuzungumza na kontrola ya kampuni ile, hata kama zimefungwa kwenye kabati moja na zinahudumia feni moja. Ukishanunua kwa mtu, umeoana naye. Upanuzi ni kwake, kipuri ni kwake, bei ni yake.

Anayeonja adha hii kikamilifu ni mwenye majengo mengi yaliyojengwa nyakati tofauti, kwa mfano chuo kikuu. Haishangazi basi kwamba aliyeongoza kazi ya kutafuta dawa alikuwa mtu wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, Mike Newman. Mwaka 1987 kamati ya ASHRAE, chama cha wahandisi wa mifumo ya hewa na upozaji, ilikutana Nashville kuanza kuandika lugha ya pamoja ambayo mtengenezaji yeyote angeweza kuitumia. Iliwachukua miaka minane. Mwaka 1995 ikachapishwa kwa jina la BACnet, na mwaka 2003 ikawa kiwango cha ISO, Shirika la Kimataifa la Viwango. Ulaya nao wakaunganisha mifumo yao mitatu ikazaliwa KNX, ambayo leo mnaiona zaidi kwenye taa, mapazia na hoteli. Hizi tunaziita itifaki huria: maelezo yake yako wazi, na hakuna kampuni moja inayoweza kukuzuia kuzitumia.

Sasa soko lenyewe. Kuna ripoti nyingi zinazouzwa kwa bei kubwa zikitaja mabilioni ya dola, na kila ripoti ina tarakimu zake, kwa sababu mmoja anahesabu kamera na ving'ora vya moto, mwingine anahesabu kontrola za hewa tu. Sitawachosha nazo. Anayetaka kujua soko linaelekea wapi asome sheria.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2018 kwamba majengo yasiyo ya makazi yenye mitambo ya kupasha joto au kupoza inayozidi kilowati 290 lazima yawe na mfumo wa kujiendesha ifikapo mwaka 2025, pale inapowezekana kiufundi na kiuchumi. Mwaka 2024 wakashusha kiwango hadi kilowati 70, na muda ni hadi mwisho wa 2029. Kilowati 70 ni kitu kidogo. Hapo hauongelei mnara tena, unaongelea shule, ofisi ya ghorofa chache, duka kubwa la mtaani. Jiji la New York nalo lilitunga mwaka 2019 sheria inayojulikana kama Local Law 97: majengo mengi yanayozidi futi za mraba 25,000 yamewekewa ukomo wa hewa ukaa kuanzia 2024, na anayezidisha anatozwa dola 268 kwa kila tani. Mwenye jengo akipigiwa hesabu ya faini hiyo, hahitaji kushawishiwa na muuzaji.

Jirani zetu Kenya wana kanuni za mwaka 2012 zinazotaka taasisi inayotumia kuanzia kilowati-saa 180,000 kwa mwaka ifanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Mkaguzi akifika, cha kwanza anauliza kumbukumbu za matumizi. Jengo lisilo na mfumo wa kupima linabaki likikisia.

Nyuma ya sheria hizi kuna ukweli mmoja mzito. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa uendeshaji wa majengo unameza karibu asilimia 30 ya nishati yote inayotumiwa duniani. Na katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu upozaji, shirika hilo lilieleza kuwa dunia ilikuwa na viyoyozi vipatavyo bilioni 1.6, na kwamba mambo yakienda yanavyokwenda vitafika bilioni 5.6 mwaka 2050. Ongezeko hilo halitatoka Sweden. Litatoka kwenye nchi za joto ambako watu ndiyo kwanza wanapata kipato cha kununua kiyoyozi. Yaani kwetu, India, Indonesia, Nigeria. Kampuni zinajua hilo vizuri, na zimekuwa zikijipanga kwa kumezana: Schneider Electric ilichukua TAC ya Sweden mwaka 2003, Honeywell ikachukua Tridium mwaka 2005, Johnson Controls ikaungana na Tyco mwaka 2016. Kampuni zikipungua, kila moja inazidi kuwa na nguvu mezani. Mnunuzi anayekaa mbele yake bila kujua anachotaka ataondoka na alichopewa.

Nasikia hoja mitaani kwamba sisi sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, umeme upo, kwa nini tuhangaike kubana? Naliheshimu bwawa lile na najivunia. Lakini mwenye jengo halipi bili ya Rufiji, analipa bili ya jengo lake. Mteja mkubwa wa umeme hapa nchini hatozwi kwa uniti peke yake. Anatozwa pia kwa kilele, yaani kile kiwango cha juu kabisa alichovuta ndani ya mwezi, kinachopimwa kwa kVA. Ukiacha chila mbili zikafanya kazi pamoja asubuhi moja ya Jumatatu kwa sababu hakuna aliyezipanga, asubuhi hiyo moja inaweza kukuandikia kilele cha mwezi mzima. Mfumo uliopangwa vizuri unaiona hatari hiyo na kuiahirisha chila ya pili.

Kuna na hesabu ya feni, ambayo napenda kila fundi kijana aijue kwa moyo. Umeme unaotumiwa na feni hupanda kwa mchemraba wa kasi yake. Shusha kasi hadi asilimia 80, na kwa hesabu mota inahitaji takriban nusu ya umeme wa awali: sifuri nukta nane mara yenyewe mara yenyewe, unapata 0.512. Hewa umepunguza kwa sehemu moja ya tano tu, umeme umepunguza nusu. Saa kumi jioni, ghorofa ikiwa na watu wachache, nani atapanda kwenda kupunguza kasi ya kila feni? Hakuna. Hiyo ndiyo kazi ya kontrola, kuifanya kila dakika bila kuchoka.

Kwa hiyo siji hapa kupinga teknolojia hii. Naitaka. Ninachokipinga ni namna tunavyoinunua.

Niwapeleke kwenye jengo moja la jiji hili. Jina lake halitusaidii kitu. Ni jengo zuri, vioo mbele, mapokezi ya marumaru. Tulishuka chini hadi chumba cha mitambo. Kompyuta ya BMS ilikuwepo mezani, imefunikwa nailoni ileile iliyokuja nayo, juu yake pamewekwa daftari la zamu. Tukafungua kabati la umeme la feni kubwa za hewa. Kila feni ina swichi ya nafasi tatu: mkono, zima, otomatiki. Swichi zote, mstari mzima, zilikuwa upande wa mkono. Maana yake feni zinazunguka kwa kasi kamili usiku na mchana, BMS iseme isiseme. Nikamuuliza fundi wa zamu. Akanieleza kwa utulivu, wala hakuwa na haya, na hakustahili kuwa nayo. Kihisi kimoja cha joto kiliharibika, hewa ya chumvi ya pwani inakula vihisi haraka. Kontrola ikadhani ni baridi, ikafunga vali, wapangaji wakapiga simu wakilalamika joto. Yeye hakuwa na nywila ya kuingia kwenye mfumo ili aiambie kontrola ikipuuze kihisi hicho. Mkandarasi aliyekuwa nayo alishaondoka nchini. Fundi akafanya alichoweza: akageuza swichi upande wa mkono, wapangaji wakanyamaza. Feni nyingine zilifuata kwa sababu kama hizo, moja baada ya moja, mpaka mfumo wote uliogharimu fedha nyingi ukawa pambo.

Mabwana na mabibi, huyo fundi alikuwa na akili timamu na kazi yake anaijua. Alinyimwa ufunguo tu.

Na mambo yanayohitaji ufunguo huo ni ya kila siku. Chukueni Idi. Sikukuu ya Idi inategemea kuandama kwa mwezi, na tangazo linatoka usiku. Kesho yake ofisi zimefungwa. Kama mfumo uko mikononi mwa watu wa hapa, fundi wa zamu anaingia, anabadilisha kalenda kwa dakika mbili, jengo linalala. Kama nywila iko kwa mkandarasi wa mbali, chila inaamka saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida yake na kupoza ghorofa ishirini za viti vitupu. Vivyo hivyo mwezi wa Ramadhani, saa za kazi zinapobadilika. Nimeona barua pepe ya mkandarasi akitaka malipo ya safari ili kuja kubadilisha ratiba. Ratiba! Kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa pili angefundishwa asubuhi na mchana akakimudu.

Kuna pia umeme unaokatika na kurudi. Programu nyingi zinazokuja zimeandikwa na watu ambao kwao umeme haukatiki. Umeme ukirudi, au jenereta ikishika, mota zote zinataka kuanza kwa pamoja. Jenereta inazidiwa, inazima, jengo linaingia gizani mara ya pili. Programu ya huku inatakiwa ipange foleni: kwanza pampu za maji na za kuzimia moto, kisha lifti, halafu feni moja moja, chila mwisho kabisa baada ya dakika kadhaa za mapumziko ili kompresa isiumie. Hakuna mhandisi wa kigeni atakayekosa kuelewa jambo hili ukimweleza. Lakini lazima awepo wa kumweleza, na lazima liandikwe kwenye mkataba.

Kuhusu usalama wa mtandao sitakaa sana, ingawa ni suala zito. Mwaka 2013 wezi waliiba taarifa za kadi zipatazo milioni 40 za wateja wa maduka ya Target ya Marekani, na mlango waliopitia ulikuwa nywila za mkandarasi wa majokofu na viyoyozi aliyekuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni. Mwaka 2016, katika mji wa Lappeenranta nchini Finland, shambulio la mtandaoni lilivuruga kontrola za joto za majengo mawili ya makazi, na ilikuwa ni Novemba, wakati wa baridi.

Kinachonigusa zaidi ni kisa cha Ujerumani mwaka 2021, kwa sababu kinafanana na chetu kwa njia ya kusikitisha. Jengo la ofisi lilikuwa na vifaa vya KNX vinavyoendesha taa na mapazia. Vifaa hivyo vina nafasi ya kuwekewa ufunguo wa siri, ila waliovifunga hawakuuweka. Mfumo ukaachwa unaonekana kwenye intaneti. Wavamizi wakaingia, wakafuta mipangilio, kisha wakaweka ufunguo wao wenyewe. Karibu robo tatu ya vifaa vikawa havifunguki, na watu wa jengo wakarudi kuwasha taa kwa swichi za kwenye kabati la umeme. Ilibidi wataalamu wa usalama wachimbe kumbukumbu ndani ya kifaa kimoja ili kuupata ufunguo huo. Mwenye jengo aliyeshindwa kushika ufunguo wake aliukuta mikononi mwa mwingine. Hapa kwetu tunaukabidhi wenyewe, na stakabadhi tunasaini.

Niseme neno kwa wabunifu majengo, kwa heshima. Jengo likichorwa vibaya, hakuna kontrola itakayoliokoa. Sanduku la vioo linalotazama magharibi katika jiji hili litakula umeme hata likiwa na BMS bora kuliko zote duniani. Tazameni Eastgate ya Harare, iliyokamilika mwaka 1996 chini ya Mick Pearce. Alijenga kuta na sakafu nzito za zege, akaacha hewa baridi ya usiku isukumwe na feni kupita ndani ya sakafu hizo, zikahifadhi ubaridi wa kutumia mchana, na jengo halina kiyoyozi cha kawaida. Akili ya jengo lile iko kwenye saa: feni zifanye kazi lini na kwa nguvu kiasi gani. Harare iko juu na usiku wake ni wa baridi, pwani hatuna bahati hiyo, hivyo sisemi tulinakili. Gigiri, Nairobi, ofisi za UNEP na UN-Habitat, mashirika ya Umoja wa Mataifa, zilizofunguliwa mwaka 2011 zilifuata njia ya karibu na hiyo: hewa inapita yenyewe kutoka uwazi wa katikati ya jengo, paneli za jua zimetandazwa juu ya paa, na taa zinajizima mwanga wa mchana unapokuwa wa kutosha au mtu anapoondoka. Mfumo wa kujiendesha ulipewa kazi ndogo kwa sababu jengo lenyewe lilishafanya kazi kubwa. Naamini huo ndio mpangilio sahihi wa mambo: kwanza kivuli, upepo na ukuta, halafu kontrola.

Sasa wakadiriaji majenzi na mnaoandika nyaraka za zabuni, hapa ndipo ninyi mnapoingia, maana ushindi au kushindwa katika vita hii kunaamuliwa kwenye karatasi zenu. Katika nyaraka nyingi ninazoziona, BMS ina mstari mmoja: ‘mfumo kamili wa BMS, jumla’, na tarakimu mbele yake. Mstari huo ni mwaliko wa kufungwa pingu. Andikeni kwamba kontrola zote ziongee BACnet au itifaki nyingine huria, na mzabuni aambatishe cheti cha majaribio, kwa sababu wapo wanaosema ‘tunaongea BACnet’ kumbe ni sehemu ndogo tu ya kifaa inayoongea. Andikeni kwamba nywila za ngazi ya juu kabisa, programu za kuhariri kontrola pamoja na leseni zake, na nakala ya kila programu iliyomo ni mali ya mwenye jengo kuanzia siku ya makabidhiano. Hii programu ya kuhariri ndiyo inayosahaulika zaidi. Unaweza kuwa na nywila zote, lakini kama huna programu hiyo unaangalia tu, hugusi. Ni sawa na kununua gari ukapewa kiti cha abiria.

Mzabuni mwingine atawaambia kwamba hayo yataongeza bei. Yataongeza kidogo. Linganisheni na gharama ya kuendesha feni upande wa mkono kwa miaka kumi.

Na watu je? Wengi wa mafundi wetu wanaoisoma BMS vizuri leo waliijulia Dubai, Doha na Muscat. Walikwenda kutafuta riziki kama mafundi wa kawaida wa viyoyozi, wakajikuta kwenye majengo yanayoendeshwa kwa kompyuta, wakajifunza kwa kutazama na kuuliza. Wanaporudi, tunawaweka kusafisha vichujio vya hewa. Ni upotevu mkubwa, na unaniuma. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha umeme vizuri na vinafundisha majokofu na viyoyozi vizuri, ila kama fani mbili zenye milango miwili. Kontrola inakaa katikati ya milango hiyo. Fundi wa umeme anaiona ni mambo ya viyoyozi, fundi wa viyoyozi anaiona ni mambo ya kompyuta. Tunahitaji meza moja ya mazoezi kwenye kila chuo: feni ndogo, vali, vihisi viwili vitatu, kontrola moja ya itifaki huria, kompyuta. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kabati moja la jengo nililowaeleza. Kampuni zinazouza hapa zina nia ya kuuza zaidi. Ziombwe meza hizo sasa, kabla mikataba haijasainiwa, wakati bado zinatabasamu.

Nimalizie na makabidhiano, kwa kuwa ndipo tunapopoteza nguvu yetu yote. Utaratibu uliozoeleka ni mkandarasi kuja na kompyuta yake, kuonyesha picha za rangi zinazozunguka, watu kupiga makofi, karatasi kusainiwa. Jengo linapimwa siku moja, mara nyingi likiwa halina wapangaji. Mkataba wa ujenzi una kipindi cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja, na sehemu ya fedha za mkandarasi inazuiwa hadi kiishe. Kitumieni. Jaribuni mfumo mara moja wakati wa kaskazi, Januari au Februari, joto na unyevu vikiwa juu na chila zikihema, na mara nyingine wakati wa kusi, Julai, joto likiwa limeshuka, mwone kama mitambo inajua kupumzika. Zimeni umeme mkuu mchana kweupe na mhesabu dakika hadi kila kitu kirudi kwa foleni yake. Chomoeni kihisi kimoja bila kumwambia mtu, mwone kengele inalia wapi na kwa nani.

Halafu mwiteni fundi wa zamu wa jengo, yule mwajiriwa wenu. Abadilishe ratiba ya Idi, abadilishe kiwango cha joto cha ghorofa moja, aweke kihisi kipya na kukitambulisha kwenye mfumo, arudishe programu ya kontrola kutoka kwenye nakala. Mkandarasi asimame pembeni, mikono mfukoni. Fundi akishindwa, mafunzo yarudiwe kwa gharama ya mkandarasi na jaribio lipangwe upya. Akiweza, hati ya mwisho isainiwe na fedha zilizozuiwa zitolewe.

Asanteni sana. Ndugu Mwenyekiti, naona mikono imeshaanza kunyanyuliwa. Kwa ruhusa yako, naomba maswali yaanze na mafundi.